Masika Ndani ya Stozhari

Februari 12

Tumeingia. Nazar Fomich alifungua mlango wa duara, akatanguliza kichwa, akanusa hewa, kisha akasema, "Nyumba inanuka rangi, na hakuna aliyetuwekea mkate na chumvi."

Kwetu ndivyo mgeni anavyokaribishwa mlangoni, lakini nikamwambia sisi ndio watu wa kwanza kuingia humu. Nani angetuwekea?

"Najua," akasema. "Nasema tu."

Basi hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyosemwa ndani ya Stozhari. Kituo cha anga ambacho sisi wa kiwandani tulikihangaikia mpaka tukaota mvi, kimepokewa kwa lawama ya mkate. Nayaandika hapa nisije nikasahau kukasirika.

Februari 14

Damu yote imepanda kichwani kwa kukosa uzito. Nyuso zimevimba. Kamanda anasema nimefanana na shemeji yake. Hakuwa ananisifu.

Februari 18

Leo kuna nafasi, niandike kama mtu mwenye akili. Mimi ni Miron Utkin, mhandisi wa safari. Kabla ya kupewa suti ya anga nilikuwa mtu wa mabomba kiwandani, na hakuna bomba humu ambalo sikuliona kwenye mchoro kabla halijawa chuma. Stozhari ni jina ambalo bibi zetu waliliita kundi la nyota za Kilimia, na mimi nililipigia kura. Tutakaa humu mpaka mwezi wa tano, kisha waje wengine, na baada yao wengine. Ndivyo ilivyopangwa, kwamba hii iwe nyumba ya watu kupokezana, siyo kibanda cha kulala mara moja na kuondoka.

Mwenzangu, ambaye ndiye kamanda, ni Kanali Nazar Fomich Golubtsov, rubani wa jeshi. Ni mtu wa kukunja taulo pembe kwa pembe. Hataki mtu apige mluzi ndani, eti mluzi hufukuza baraka za nyumba. Hataki kuvaa glavu ya kushoto kabla ya ile ya kulia. Na kila wanachosema wakuu wetu Duniani, jibu lake ni moja: "Nimeelewa, natekeleza." Wakimwambia ajitie kitanzi atawauliza fundo wanalitaka la aina gani.

Duniani tunazungumza nao tunapopita juu ya minara yao tu. Dakika chache, kisha kimya mpaka mzunguko mwingine. Mkuu wa zamu ni Arseni Pavlovich Shubin. Sauti yake ni ya mtu anayesoma hotuba hata anapokuuliza kama umekula.

Februari 25

Nimepanda vitunguu na njegere kwenye lile sanduku la majaribio. Kamanda anavisalimia kila asubuhi kwa kuvipigia saluti. Sijui kama ni mzaha. Kwa mtu kama yule huwezi kujua.

Machi 3

Pampu imejizima.

Ni pampu inayozungusha kile kimiminika cha kupoza. Kimiminika hicho hupita kwenye mabomba nyuma ya kuta, hukusanya joto la mitambo na la miili yetu, hulipeleka nje, kisha hurudi kikiwa baridi. Bomba baridi ndilo linalovuta unyevu kutoka hewani. Bila pampu, kituo hiki ni sufuria yenye mfuniko.

Nimeiwasha tena. Imekubali.

Machi 4

Imejizima.

Machi 5

Imejizima mara mbili. Hukimbia kwanza, injini ikazunguka kama haina mzigo, kisha kinga yake ikaikata. Yenyewe hujaribu tena kila baada ya muda, inashindwa, inapumzika, inajaribu. Ina moyo kuliko watu wengi ninaowajua.

Machi 11

Masika yameanza. Sijui niite nini kingine. Kuta zinatoka jasho. Matone hayadondoki, maana hakuna chini ya kudondokea. Yanakua tu mahali yalipo, yanaungana, mpaka nyuma ya meza kuna dimbwi lililosimama wima, linatikisika ukiligusa. Tunalikausha kwa mataulo, mataulo hayakauki, tunajifunika mablanketi yenye maji. Joto ni la bafu la mvuke, ila hapa huwezi kutoka ukajitupe kwenye theluji.

"Kwetu," Nazar Fomich amesema huku akikamua soksi yake ndani ya mfuko, "hali ya hewa kama hii huwa inaleta uyoga."

Machi 15

Imeleta. Si uyoga, ni kuvu. Kijani kwenye paneli ya tatu, nyeusi nyuma ya kitanda changu.

Machi 17

Njegere zimeoza. Vitunguu bado vinasimama. Kamanda amevipigia saluti kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Machi 20

Nimegombana na Shubin hewani. Anasema pampu imekufa, wataalamu wameangalia vipimo na wamekubaliana. Nikamwambia pampu haijafa, inameza kitu kisichopaswa kumezwa. Ingekuwa imekufa isingekimbia.

"Kitu gani, Miron Savelyevich?"

"Hewa."

"Hewa inaingilia wapi? Umeona tone lolote la kimiminika nje ya bomba? Umesikia harufu?"

"Sijaona. Sijasikia."

"Basi hakuna tundu. Msukumo kwenye geji uko sawa. Wewe uko karibu mno na kituo hicho, ndugu yangu. Baba hawezi kumpima mwanawe mwenyewe."

Nilitamani Nazar Fomich aseme neno. Yeye ndiye kamanda, neno lake lina uzito ambao langu halina. Alikuwa anafuta maji kwenye kioo cha dirisha. Akafuta mpaka tukatoka nje ya masafa.

"Ungeniunga mkono," nikamwambia.

"Kwa lipi? Wewe mwenyewe hujui hewa inaingilia wapi."

Alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana kikaniuma.

Machi 24

Maji yamezidi unga. Amri imekuja leo, Shubin ameisoma bila kupumua. Tufunge kituo. Tuzime kila kitu, tushuke tarehe 28. Baada yetu Stozhari itashushwa taratibu iungue angani, na masalio yatupwe kwenye bahari kuu kusini, mahali pasipopita meli. Kingine kitajengwa, mwaka ujao au ule unaofuata. Wale wenzetu wawili waliokuwa wanajiandaa kuja kutupokea watapangiwa kazi nyingine.

Nilimtazama Nazar Fomich. Uso wake haukubadilika.

"Nimeelewa," akasema. "Natekeleza."

Sasa naandika kwa nguvu mpaka penseli inatoboa karatasi. Kuna wanawake kiwandani walioshona mabomba haya kwenye vitambaa vyao vya joto, uzi kwa uzi, vidole vimepasuka. Kuna fundi mchomeleaji, Yefim, aliyenishika bega siku ya kukitoa kituo kwenye karakana akasema, "Kiangalie." Neno moja tu. Na kanali huyu, mwenye kifua kilichojaa nishani, ameiacha nyumba kama mtu anayeshuka treni inapofika kituo chake. Naambiwa baada ya safari hii anapata nyota ya jenerali. Mtu anayengoja nyota hagombani na wanaozigawa.

Sitasema naye.

Machi 26

Tunafungasha. Sisemi naye.

Amesema, "Miron, kula." Sikula. Alipogeuka nilikula.

Machi 28

Hii nitaiandika polepole, nisiache kitu.

Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Chombo cha kurudia kilikuwa kimeshawashwa, suti tumevaa hadi kiunoni. Taa zimezimwa isipokuwa mbili. Pampu sikuizima. Ilikuwa ya mwisho kwenye utaratibu wangu na niliiacha makusudi, iendelee kujaribu na kushindwa mpaka dakika ya mwisho. Nilisema moyoni, nikifunga mlango iwe bado inapigana.

Nazar Fomich akasema, "Tukae."

Kwetu hakuna anayeanza safari bila kukaa kwanza. Watu wa nyumbani wote, hata walio na haraka, huketi kimya kidogo, kisha mmoja huinuka na wote huondoka bila kutazama nyuma. Bila hivyo njia huwa mbaya. Lakini humu ukae wapi?

"Tukae juu ya nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesahau kwamba sisemi naye.

"Juu ya adabu," akajibu. Akaingiza vidole vya miguu chini ya reli ya meza, akakunja magoti, akaketi juu ya hewa tupu, mgongo umenyooka. Nami nikafanya vivyo hivyo. Wanaume wawili wazima tumechuchumaa angani kama vifaranga. Ningeweza kucheka kama ingekuwa siku nyingine.

Akakunja uso. "Kelele," akasema. "Huku si kukaa. Huku ni kusubiri sokoni."

Alikuwa anazisema feni. Feni za kituo haziwahi kunyamaza, mchana na usiku zinanguruma, na ni marufuku kuzizima zote kwa pamoja. Humu hewa haijisogezi yenyewe. Feni zikinyamaza, pumzi uliyoitoa inakaa hapohapo usoni, unaivuta tena mpaka uanze kusinzia, na wa kukuamsha hayupo. Sheria hiyo imeandikwa kwa herufi nyekundu. Na huyu bwana wa "nimeelewa, natekeleza" akaelea hadi kwenye swichi, akazizima moja baada ya nyingine, zote, akarudi akaketi.

"Dakika moja," akasema. "Nyumba hii inastahili dakika moja."

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Nilisikia chuma kikijinyoosha kwa jua upande mmoja. Nilisikia saa yangu. Ndipo pampu, huko mbali mwisho wa kituo, ikajaribu tena kuwaka.

Na nikasikia gulp, kama la koo linalomeza.

Halikutoka kwenye pampu. Lilitoka karibu, nyuma ya paneli ya kitanda cha kamanda. Gulp, gulp, kisha mfululizo, kama birika linalomaliza maji. Pampu ikakimbia, ikajikata. Gulp moja la mwisho, kimya.

Nilijirusha mpaka nikagonga sikio kwenye ukuta. Nyuma ya pale kuna tangi dogo la akiba, lenye mfuko wa mpira ndani. Upande mmoja wa mfuko ni kimiminika, upande wa pili ni gesi inayokisukuma. Mpira ukipasuka, gesi inaingia kwenye kimiminika. Hakuna tone litakalotoka nje, wala harufu. Na geji haitasema kitu, kwa sababu msukumo ni uleule. Kila pampu ikivuta, inavuta mapovu.

"Ni tangi," nikasema. "Pampu ni nzima. Ni tangi, liko hapa, nyuma ya mto wako."

Nazar Fomich alikuwa bado ameketi hewani. "Una uhakika?"

"Nimelisikia. Subiri pampu ijaribu tena, utalisikia na wewe."

Tukasubiri na feni zimezimwa, vichwa vimeanza kuwa vizito, midomo wazi. Pampu ikajaribu. Nilimtazama usoni. Alilisikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia.

"Changu tumelala nacho kitanda kimoja," akasema, na akaenda kuwasha feni.

Tulipoingia kwenye masafa, Shubin alikuwa wa kwanza. "Stozhari, vipimo vinaonyesha feni zote zilizimwa. Nani ameruhusu?"

"Tulikuwa tumekaa kabla ya safari, Arseni Pavlovich."

"Mmekaa," Shubin akarudia.

"Tumekaa. Na mhandisi wangu amesikia hitilafu. Ni tangi la akiba, siyo pampu. Inarekebishika. Naomba siku chache."

"Ndugu Kanali, uamuzi umeshapita. Ukikata bomba lile, kimiminika kile ni sumu, kitawaelea usoni. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Tekeleza ushukaji."

Hapo nilijua jibu. Nililijua tangu Februari. Nikaanza kufunga suti.

"Amri nimeielewa," Nazar Fomich akasema. "Siitekelezi."

Shubin alimwita kwa jina. "Nazar Fomich. Unajua unachosema, na unajua nani wengine wanasikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Huku juu miguu haina kazi, Arseni Pavlovich. Mwisho wa mawasiliano kwa upande wangu."

Akazima. Akavua suti, akaikunja pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa bado na mkono mmoja ndani na mwingine nje.

"Nyota yako," nikasema.

"Nyota ziko nyingi dirishani, chagua unayotaka. Bisibisi iko wapi?"

Machi 29

Tumefungua paneli. Kila skrubu imeshika kutu, tumesaidiana kwa koleo na matusi. Kamanda ana akiba ya matusi ambayo sikuitarajia kwa mtu asiyepiga mluzi ndani.

Tangi liko pale. Na pembeni mwake kuna muhuri wa kiwanda kidogo kilicholitengeneza. Tarehe 29 Desemba.

Nilicheka mpaka nikajigonga kichwa. Mwananchi yeyote wa Umoja wa Kisovieti anajua. Hununui jokofu la mwisho wa mwezi, na la mwisho wa Desemba hulichukui hata ukipewa bure. Siku zile mpango wa mwaka lazima utimie, liwe liwalo, na mtu aliyekuwa akikunja mfuko wa mpira kwa utaratibu anausukuma ndani kwa kidole gumba na kuimba wimbo wa sikukuu.

Tukapata masafa. Shubin alikuwa baridi kama chuma cha nje. Alianza kusoma kitu kuhusu nidhamu. Nikamkatiza.

"Arseni Pavlovich, tangi lina muhuri."

"Wa tarehe gani?" akauliza, kwa mazoea tu.

"Ishirini na tisa Desemba."

Nikasikia pumzi ndefu, ya mtu ambaye nyumbani kwake, nina hakika, kuna mashine ya kufulia isiyokamua.

"Desemba," akasema.

"Ishirini na tisa."

"Mimi sijasikia chochote," Shubin akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya binadamu. "Amri ya kushuka inabaki ilivyo. Ila kama kungekuwa na mtu mjinga wa kukata bomba lile, asikatie juu ya koki. Akatie chini. Na avae miwani."

Machi 30

Miwani iko moja. Nimevaa mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye msumeno. Kamanda aliamua, na kwa hilo alikuwa kamanda.

Mpango ulikuwa hivi. Kufunga koki ya juu, kukata bomba chini yake, kulitupa nje ya mfumo lile tangi la Desemba, kisha kuunganisha bomba na tangi la mfumo wa pili ambao hautumiki. Kati ya bomba na tangi kuna nafasi ya mkono mzima, na bomba la kuziba nafasi hiyo hatuna. Tuna mpira wa akiba wa bomba la choo. Ni mpya, haujatumika. Unatosha kwa unene kama uliozaliwa kwa kazi hiyo.

Nazar Fomich alishikilia mfuko wa plastiki kuzunguka bomba kwa mikono miwili, na kwa magoti akabana mashine ya kuvuta vumbi, imeze unga wa chuma. Unga wa chuma humu hauanguki, unatafuta jicho. Nikaanza kukata. Msumeno ni mdogo, wa kukatia waya. Kila nikisukuma, mwili wangu unarudi nyuma, kwa hiyo alinifunga kwake kwa mkanda, kiuno kwa kiuno. Tulikata hivyo kwa muda wa kuizunguka Dunia mara mbili. Jua likachomoza, likazama, likachomoza tena mgongoni mwetu. Hakuna aliyeligeukia.

Bomba lilipoanza kuachia, lilikuwa na msukumo kuliko nilivyokadiria. Mfuko ukavimba, ukateleza upande mmoja, na donge la kimiminika, la manjano, la ukubwa wa yai, likatoka taratibu kabisa. Nililiona. Yeye pia aliliona. Angeweza kukwepa, lakini angeuachia mfuko, na ndani yake kulikuwa na mengine mengi.

Halikuwa na haraka. Lilimgusa jicho la kulia, likatanda usoni.

Hakupiga kelele. Alivuta hewa kwa meno.

"Nazar Fomich, achia, twende tukaoshe."

"Kata."

"Jicho lako."

"Jicho ni langu, bomba ni la serikali. Kata, Miron."

Nikakata uzi wa mwisho wa chuma. Nikafunga mpira, nikakaza vibano, kimoja, kingine, mikono imejaa utelezi, nalia waziwazi na machozi yanajikusanya ndani ya miwani mpaka nashindwa kuona. Nilipokaza cha mwisho ndipo akauachia mfuko, ukiwa umefungwa fundo. Nikamwosha jicho kwa maji yetu yote ya kunywa ya siku ile. Lilikuwa jekundu kama nyama.

Nilimwomba radhi. Si kwa jicho, kwa mengine, kwa nilivyomfikiria tangu Februari. Aliniuliza nilimfikiria vipi. Nikamwambia lile la kitanzi na fundo.

Alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Fundo ningeuliza kweli," akasema. "Kuna mafundo mabaya."

Kisha tukawasha pampu.

Machi 31

Inazunguka.

Aprili 1

Inazunguka. Tumewaambia Duniani, wakadhani ni mzaha wa tarehe ya leo.

"Mmeunganisha kwa kitu gani?" Shubin akauliza, alipoamini.

"Mpira wa choo," kamanda akajibu.

"Wa akiba?"

"Wa akiba. Hatujawa watu wa hovyo kiasi hicho."

Aprili 6

Dimbwi la nyuma ya meza limekwisha. Mablanketi yamekauka. Kamanda haoni vizuri kwa jicho la kulia, anaona mwanga na vivuli. Daktari wa Duniani anampa matone na maneno laini. Kuvu tunaisugua kila siku, na kila siku inarudi kidogo. Acha irudi, nasi tupo.

Aprili 12

Siku ya Wanaanga. Wametusomea gazeti. Hitilafu ndogo kituoni imeondolewa na wafanyakazi wa anga "kwa maelekezo ya wataalamu wa ardhini, kulingana na mpango." Nilitaka kurusha kitu, lakini humu ukirusha kitu kinakurudia.

Nazar Fomich alikuwa anakata jani la kitunguu kwa mkasi, kwa sherehe. "Umekasirika?"

"Wewe hujakasirika?"

"Nyumba iko?"

"Iko."

"Basi kula kitunguu."

Mei 6

Kesho tunashuka. Wengine watakuja Juni, imethibitishwa. Amri ile ya kukiunguza kituo hakuna anayeitaja tena, kana kwamba haijawahi kutolewa. Nazar Fomich ameshaambiwa kwamba hatapanda tena, kwa sababu ya jicho, na kwamba kuhusu ile nyota "wakati haujafika". Alijibu, "Nimeelewa." Hakuongeza lile neno la pili.

Jioni alifungua soksi moja. Si ya kuvaa. Ndani yake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa, chumvi kavu. Aliipandisha kwa magendo tangu siku ya kwanza. Huyu bwana wa kukunja taulo pembe kwa pembe.

"Uliniudhi na mkate wako na chumvi yako," nikamwambia, "na kumbe chumvi unayo."

"Sikuipandisha kwa ajili yangu. Ni ya kumwachia anayekuja. Tulipoambiwa nyumba inafungwa, mimi nilijiuliza, sasa hii nitampa nani?"

Nikamkumbusha kwamba chumvi kavu humu ni hatari, itatawanyika, ndiyo maana sisi tunakula ya maji kwenye kichupa. Tuwaachie ile.

"Chumvi ya maji si chumvi. Hiyo ni dawa."

Tukabishana mpaka usingizi. Ameshinda. Vimikate vyeusi, vile vidogo vya kutia mdomoni mara moja, vimefungwa mezani kwa utepe, na kitambaa pembeni yake, fundo limekazwa.

Mei 7

Tumekaa. Amezima feni. Hakuna gulp. Pampu peke yake, mwendo mmoja, kama mtu aliyelala vizuri.

Duniani hawakuuliza nani ameruhusu.

Juni 21

Naandika nikiwa kwenye benchi, na kalamu ina uzito ambao siwezi kuuzoea. Leo wale wapya wameingia Stozhari. Sisi hatukuitwa kwenye ukumbi wa kuongozea safari. Viti havitoshi, wakasema. Tukasimama kwenye korido, mimi na Nazar Fomich katika miwani yake myeusi, kama watu waliokuja kuomba kazi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, tunasikia nusu ya maneno.

Shubin akatoka na karatasi mkononi. Alituona. Akapita. Ila aliporudi ndani, aliusukuma mlango mpaka ukagota ukutani, akauacha hivyo.

Basi tukasikia vizuri. Kilio cha mlango wa duara. Sauti ya kamanda mpya, kijana wa Saratov: "Duniani, tumeingia. Kukavu. Hakuna harufu mbaya." Kisha: "Kuna mkate hapa mezani. Umekuwa mgumu kama kokoto." Kisha sauti ya mhandisi wake: "Na hiki kitambaa?" Kisha wote wawili kwa pamoja, wanakohoa na kulaani.

"Stozhari, kuna nini?" Shubin akauliza.

"Chumvi, Arseni Pavlovich. Imeenea kituo kizima. Imetuingia machoni."

Nazar Fomich aliegemea ukuta wa korido akacheka, akavua miwani, akafuta lile jicho zima na lile lingine pia.

"Wamekaribishwa," akasema.